Kata

Usiku wa kwanza nilidhani ni bomba.
Nyumba hii ya Tbilisi ni kongwe, ina kikohozi chake,
hupiga chafya bafuni, hulalamika ngazini,
nami mpangaji wa miezi minne
nilijiona sina haki ya kuuliza.

Usiku wa pili bomba likalia njaa.
Nikabandika sikio nyuma ya jiko, pa baridi,
nikasikia kucha zikipanda,
zikipanda,
zikiteleza.

Kigeorgia changu wakati ule kilikuwa cha dukani:
mkate, chumvi, bei gani, samahani.
Hakikuwa na ukuta ndani yake,
wala kiumbe kilichonasa ukutani.
Nikampigia mwenye nyumba, Tsisana, aliyeko Batumi,
nikamlilia nyau kwenye simu, mtu mzima na ndevu zangu.
Akacheka mpaka akakohoa.
Nikamsogezea simu ukutani asikie mwenyewe.
Akaacha kucheka: usiguse. Rangi ni mpya.

Usiku wa tatu sauti ikawa uzi.
Kuna kukata kiu, kuna kukata kona, kukata tamaa;
yule mle ndani alikuwa amefika mwisho wa orodha,
penye kukata roho.
Niliwasha redio. Nikaizima.
Nikavaa koti, nikagonga kwa jirani
niliyekuwa nikimpita ngazini kama moshi.

Bi Lamara alifungua, meno yake ameyaacha kwenye glasi.
Nikamvuta mkono. Kwetu wangeniitia mwizi.
Nikamfikisha jikoni, nikamwonyesha pa kuweka sikio.
Akasikiliza. Akanigeukia, macho yamemtoka:
"Kata!"

Ndiyo, bibi, nikamjibu kwa lugha yangu, lakini kwa nini?
Nina kisu cha mkate tu.

"Kata, kata," na machozi juu.

Kwao, nilikuja kujua, kata ni paka tu,
wa darini, wa jalalani, asiye wa mtu.
Kwetu ni amri.

Akaenda, akarudi na nyundo na tindo,
mpini umeng'aa kwa viganja vya miaka.
"Mama," akaniambia, akiupapasa.
Nikamwona huyo mama, mwashi, mabega mapana,
chokaa kwenye nyusi, anapanda jukwaa la mbao.
Kumbe kwao mama ni baba.
Hilo nalo niliambiwa baadaye. Usiku ule
niligonga kwa nyundo ya mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa,
na ukuta ukamtii.

Rangi mpya ikaanguka. Plasta. Tofali la kwanza likagoma.
Bi Lamara alishika tochi, akimbembeleza wa ndani
kwa maneno ambayo wao wawili waliyaelewa;
mgeni pale nilikuwa mimi peke yangu.

Kikatoka kichwa, cheusi kwa masizi.
Likatoka bega moja, la pili likakataa.
Nikavuta. Akaniuma hapa, chini ya gumba,
alama ipo.
Hakushukuru. Alipita kati ya miguu yetu,
ngazi, ua, mzabibu, ukuta wa nje, basi,
akaacha nyayo kumi na moja kwenye zulia la Tsisana.
Nilizihesabu nikizisugua.

Tulikaa sakafuni, vumbi kwenye nywele,
Bi Lamara akaninyooshea kidole
kisha akakielekeza kwenye tundu
akacheka bila meno.
Sikumwelewa. Nikacheka.

Tsisana alikata, neno lilelile, lari themanini kwenye amana yangu.

Tofali halijarudi mahali pake.
Dohani ni moja kwa majiko mawili,
na wiki iliyofuata nilisikia tindo upande wa pili:
bibi anatoboa kwake.
Sasa asubuhi huja harufu ya maharage na kotimiri,
kisha sauti yake, yenye mwangwi wa masizi: "Modi!"
Njoo. Hilo nalijua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilifundishwa hivyo utotoni.
Mwezi wa saba huu, ufa wetu uko wazi.
Ukuta hatujaujenga.